Chakula cha Goti la Refa

Siku ya mazishi yake walisoma wasifu mrefu, mwana wa nani, mjukuu wa nani, alibatizwa na padri gani, na mimi, Mungu anisamehe, nilisinzia. Jua lilikuwa kali, nilikuwa nimefungua duka tangu alfajiri, na yule msomaji alikuwa na sauti ya kubembeleza mtoto. Nilipozinduka, katika wasifu walikuwa wameshamwozesha. Kwa hiyo sina la kukwambia kuhusu kuzaliwa kwake wala ukoo wake. Ninalolijua mimi ni goti lake la kulia, na mengine niliyoyajua niliyajua kwa sababu ya goti hilo.

Nina duka la dawa hapa Kisumu, upande wa Manyatta. Yeye alipanga nyumba kwenye ploti iliyo nyuma ya duka langu. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi aliyestaafu, lakini hakuna aliyemwita Mwalimu. Wikendi za ujana wake wote alizimaliza uwanjani na filimbi, akichezesha mechi kando ya ziwa lote hili, na jina likamganda. Watoto walimwita Refa, kasisi alimwita Refa, mwenye nyumba akija kudai alimwita Refa. Mimi mbele yake nilimwita Mzee. Yeye aliniita nyar Kaloleni, binti wa Kaloleni, kwa kuwa huko ndiko kwetu, kwa Waislamu wa mji huu, na aliposhikwa na maumivu aliniita Daktari.

"Mimi si daktari, Mzee. Mimi nauza dawa."

"Basi daktari ni nani? Yule alinikata na bado inauma?"

Alikuwa na tabia ya kusimama pembeni mwa kaunta, si mbele, ili aone kila mtu. Foleni ya duka langu aliichezesha yeye. Ukijipenyeza, unaoneshwa kidole cha kurudi nyuma, na watu wazima walirudi. Waendesha bodaboda walimletea kesi zao, nani alichukua abiria wa nani, naye alisikiliza huku macho ameyafumba, kisha akaamua kwa neno moja na kukataa rufaa. Alikuwa na msemo wake: "Refa hatafuti mpira, anatafuta kosa." Mwingine aliutumia kanisani, watu wakilalamika kwamba fulani amedhulumu na Mungu ametulia tu: "Ameona. Ameacha tu mchezo iendelee kidogo."

Mtu huyohuyo, aliyejua kuongeza dakika na kupunguza, hakuwahi kufika mahali kwa wakati. Harusi aliikuta kwenye keki. Kliniki aliikuta imefungwa. Mkewe, ambaye sote tulimwita Mama, alikuwa fundi cherehani, na alizoea kumwambia saa ya uongo ili afike saa ya kweli. Tena alichukia udanganyifu kama sumu, lakini sukari alikuwa amekatazwa na alikuwa akija kununua peremende za kikohozi kwangu bila kikohozi chochote. Nilimuuliza kikohozi kiko wapi. Akakohoa.

Goti lilimharibikia taratibu, likavimba, likapinda, mpaka wakamfanyia operesheni na kumwekea goti la chuma. Tulimpelekea matunda. Tuliamini yameisha. Eksirei ikaonesha chuma kimekaa vizuri kabisa, kidonda kikapona, na maumivu yakabaki palepale kama mpangaji asiyehama. Hilo ndilo lililomchosha kuliko yote, kwa sababu sasa hakuwa na hata kitu cha kulaumu.

"Niambie, nyar Kaloleni. Chuma inaumwa aje?"

 Baadaye daktari mmoja alimweleza kwamba kinachouma si chuma, ni mishipa ya fahamu inayozunguka hapo, imezoea kupiga kelele na haijui kwamba vita vimekwisha. Lakini kabla ya huyo daktari kulikuwa na miaka ya vidonge. Alivila kama njugu. Nilimwonya kuhusu tumbo, nikamwonya kuhusu figo, mwishoni nikakataa kumuuzia. Akanitazama kwa dharau, akavuka barabara kwa mkongojo, akanunua kwa jirani yangu asiyeuliza maswali. Baada ya hapo alitapika damu na kulazwa. Alipotoka hakuniomba radhi wala mimi sikumwomba, alirudi tu pembeni mwa kaunta yake.

Nilimchoka. Nasema ukweli, maana watu wakifa tunawapaka asali. Mtu mwenye maumivu ya kila siku anamchosha kila aliye karibu, na anajua, na kujua kwenyewe kunamfanya awe mkali zaidi. Zilikuwapo asubuhi nilizosikia ule mkongojo ukigonga saruji nikajifanya natafuta kitu chini ya meza.

Mashine ya kutuliza maumivu ilikuja kupitia kwa binti yake, ambaye ni muuguzi ng'ambo. Yeye ndiye aliyehangaika mpaka akampata daktari wa maumivu Nairobi. Walimwekea kwanza nyaya za majaribio, zinatoka mgongoni na kubandikwa plasta, atembee nazo siku kadhaa waone kama zinamfaa. Mama alinisimulia kwamba siku ya pili alimkuta amesimama kwenye korido ya hospitali bila mkongojo, hafanyi lolote, amesimama tu, na wauguzi wanampita kushoto na kulia. Ndipo wakamwekea yenyewe: kidude cha ukubwa wa kiberiti chini ya ngozi, juu kidogo ya tako, na waya mwembamba ulioingia ndani kwenda kukaa karibu na mshipa unaobeba habari za goti. Kidude kinatuma umeme mdogo, na umeme ule unaisumbua habari njiani.

Alirudi na rimoti mfukoni. Mtaa mzima uliiona. Vijana wa bodaboda walimwambia, "Refa, badilisha chaneli, hii ya leo ni mbaya," naye aliielekeza kwao na kubonyeza, wakaanguka chini kama waliopigwa risasi. Nilicheka siku ile mpaka nikakaa.

Haikumponya, na yeye mwenyewe hakudai imemponya. Nilipomuuliza alifikiri sana, kisha akasema maumivu bado yapo ila yamehamia nyumba ya jirani. Unasikia redio yao, lakini si redio yako. Alitembea na kulala. Ila kidude kilikuwa na betri, na betri ilitaka kulishwa. Alikuwa na mkanda wa kufunga kiunoni wenye chaja yake, unaoujaza kwanza kwa stima, halafu unauvaa na unapeleka umeme ndani kupitia ngozi. Tokeni za stima zikiisha kwake alikuja kuujaza kwangu. Akakaa kwenye benchi, shati limevimba ubavuni, ametulia kama mtoto anayenyonya, na wateja wapya wakaogopa kuuliza. Kuanzia siku hizo sikujificha tena chini ya meza.

Sasa lazima nikueleze habari ya mwanawe, kwa sababu goti lisingekuwa na maana bila yeye.

Mwanawe wa kwanza alikuwa mwalimu Ahero, kwenye tambarare ya mpunga. Alipanga nyumba huko na mke na watoto. Ahero mvua ikikaza mto unavunja kingo, maji yanaingia mpaka kitandani, na familia ile ilishazoea kubeba magodoro na kwenda kulala darasani. Mtoto wao mdogo aliwahi kulazwa kwa kichomi kwa sababu ya hayo maji. Na Refa alikuwa na shamba la urithi juu, upande wa Sondu, mahali ambapo maji hayafiki kamwe. Mwana alikuwa na mabati tayari. Kilichomzuia kujenga ni baba yake.

Kwa Wajaluo mwana hamruki baba. Refa alioa, akazaa, akapanga nyumba mjini maisha yake yote, lakini kule nyumbani hakuwahi kutoka katika boma la marehemu baba yake na kusimamisha lake, dala yake mwenyewe yenye lango lake. Na madhali baba hajatoka, mwana hana pa kujenga. Akijenga ni mkosi, chira, na chira haichagui, inaweza kumwangukia hata mtoto mchanga. Ni Wakristo wazuri, wanaimba kwaya, na hakuna hata mmoja wao angethubutu.

Mimi mambo haya yaliniudhi. Nilimwambia, "Mzee, wajukuu zako wanalala darasani. Si mwanao ajenge, Mungu atasamehe?"

"Hiyo ni kunizika nikiwa hai, nyar Kaloleni."

"Basi toka wewe ujenge."

"Na hii goti? Mtu anatoka na miguu yake. Mimi na jogoo, kijana na shoka, Mama na moto. Alfajiri. Sio kwa wilchea."

 Nani angebishana na goti lile? Mama pia hakubishana, lakini yeye alikuwa anajua jambo ambalo mimi sikulijua, na ni yeye aliyenieleza akishona vifungo, bila kuniangalia. Mtu akitoka hutanguliwa na baba yake, au, baba akiwa amefariki, na kaka mkubwa. Kaka mkubwa wa Refa alikuwa hai, mzima, anaishi palepale shambani. Hawakuwa wamesalimiana tangu fainali moja ya Krismasi, timu ya kijijini kwao dhidi ya timu ya ng'ambo ya mto. Walimwomba Refa achezeshe kwa sababu ni mtoto wa hapo, na kila mtu alijua ombi hilo lina maana gani. Mechi inakaribia kwisha, akawapa wale wa ng'ambo penalti. Mpira ulikuwa umegusa mkono wa mtoto wa kaka yake. Dume la ng'ombe la zawadi ya mshindi, lililofungwa kando ya uwanja, likavuka mto. Kaka akasimama mbele ya watu wote akasema, "Huyu si wa hapa. Huyu ni wa filimbi."

"Kwa hivyo si goti," nilimwambia Mama.

"Goti inauma," alisema Mama. "Mimi ndio nakanda. Lakini si goti peke yake."

Siku moja, mashine ikiwa imeshamzoea, tulikuwa watatu dukani. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha na mwana alikuwa amepiga simu: wako darasani tena. Refa akaanza kuulaumu mto, akailaumu serikali, akamlaumu aliyejenga kingo. Mama alimwacha amalize. Halafu akasema, polepole tu, "Baba, hiyo goti sasa imenyamaza. Imebaki nini?"

Sijawahi kumwona mtu akikosa pa kukimbilia namna ile. Aliitoa rimoti mfukoni, akaiangalia, akairudisha. Alikuwa ametembea kuja dukani bila mkongojo na sote tulimwona. Jumapili iliyofuata alivaa viatu vya kanisani na hakwenda kanisani. Alikwenda Sondu peke yake.

Sikuwepo, na yeye hakusimulia. Kaka mtu ndiye aliyeniambia baadaye: "Alikuja akasimama hapo. Mambo ya penalti hakusema, mimi pia sikuuliza. Alisema, 'Omera, ndugu yangu, nataka kutoka.' Mimi nikamwambia nimechoka kumngoja."

Walitoka kabla ya mvua za vuli, kama ilivyotakiwa. Kaka alitangulia, Refa nyuma yake na jogoo kwapani, mwana na shoka, Mama na moto kwenye chungu. Nyumba ndogo ya miti na mabati ilisimama siku ileile na wakalala humo. Ila wazee walikuwa wametoa sharti: vitu vya nyumba ya zamani visiingie katika boma jipya mpaka siku za mwanzo zipite, na wenye boma wasilale kwingine. Refa, mtu wa sheria, aliitii sheria mpaka mwisho. Aliacha Kisumu masufuria, akaacha kitanda, akaacha na ule mkanda wa chaja.

Siku chache baadaye simu yangu ililia. Ni Mama. "Nyar Kaloleni, mashine imelala. Na yeye halali."

Nilichukua ufunguo kwa mwenye nyumba, nikautoa mkanda, nikaujaza dukani mpaka taa ikawa ya kijani, nikafunga duka na kwenda. Nilikuwa na hasira njia nzima. Niliwakasirikia wote, wazee, jogoo, na mimi mwenyewe niliyewaacha wateja.

Lango lilikuwa miti miwili tu iliyosimikwa, bado na maganda. Wazee walikuwa wamekaa kwenye viti vya plastiki kando ya rundo la mchanga. Nyuma yao, mlangoni pa nyumba mpya, Refa alikuwa amekaa kwenye mkeka, mguu ameunyoosha, uso wake una rangi ya majivu. Nilipofika langoni na mkanda mkononi, mzee mmoja aliinua fimbo kunizuia. Kikazuka kikao. Mmoja alisema hiyo ni mali ya nyumba ya zamani, haina tofauti na sufuria. Mwingine akasema ni dawa. Wa tatu akasema dawa humezwa, hii haimezwi. Mimi nimesimama juani na ng'ombe wananitazama.

Nikamwona Refa anainua mkono. Nikadhani atajitetea.

"Sheria ni sheria," alisema, na sauti yake ilikuwa imekwisha. "Nitangoja. Siku si nyingi."

Nilitaka kumpiga na huo mkanda. Lakini kaka yake alikuwa ameshainuka, mrefu, mkavu, kwenye mabuti ya mpira.

"Wewe nyamaza," akamwambia. "Hapa huchezeshi."

Akanijia langoni. Akauliza hicho kitu kinafanya nini hasa, na nikamweleza nilivyoweza: mkanda unakula stima, kidude kilicho mwilini kinakula kutoka kwa mkanda, na goti linanyamaza kidude kikishiba. Alisikiliza, akawageukia wenzake.

"Kumbe ni chakula," alisema. "Ndugu yangu ana njaa, na mgeni ameleta chakula. Tangu lini hapa tunarudisha chakula ya mgeni langoni?"

 Mmoja alianza kucheka, na wote wakacheka, na fimbo ikashuka. Kaka akauchukua mkanda kwangu, akaenda mpaka kwenye mkeka, akapiga magoti kwa shida kwa kuwa na yeye hakuwa kijana, akauliza, "Ni wapi?" Refa akapandisha shati. Kaka akaufunga mwenyewe, akaukaza, akauliza kama unabana. Mimi niliangalia upande wa ng'ombe. Nililia, na sioni haya kusema nililia.

Mwana naye alianza kujenga mara tu desturi ilipomruhusu, juu kidogo ya boma la baba, mlango kwa mlango. Daktari alikuwa amemkataza Refa kuinama ovyo na kubeba vizito, kwa sababu waya unaweza kusogea. Lakini siku ya kusimika nguzo za mwanawe alibeba nguzo. Hakuna aliyemtuma. Nilipomgombeza kwa simu alisema wengine walikuwa wanaibeba vibaya.

Mara yangu ya mwisho kumwona akiwa mzima ilikuwa katika mvua ndefu zilizofuata. Alikuwa ameshahamia kule moja kwa moja na mimi nilimpelekea dawa ya presha. Nilimkuta barazani, mkongojo umerudi. Waya ulikuwa umesogea. Mashine ilifanya kazi vizuri, betri imejaa, ila ilikuwa ikiutuma umeme wake pajani, mahali pasipouma, na goti limeachwa na kelele zake. Nairobi walisema inawezekana kufungua tena na kuurudisha waya. Binti yake alipiga simu kila siku kumsihi.

"Utaenda lini?" nilimuuliza.

"Aol," alisema. Nimechoka.

"Umechoka ndio nini? Uliwaona wakifanya mara ya kwanza. Si jambo kubwa."

"Nimechoka tu, nyar Kaloleni. Sio kwamba nimekataa. Kuingia gari, kulala kwa meza, kuamka, kungoja. Kwanza nikae kidogo."

Nilikasirika, nikamwambia anajidhulumu, nikamwambia na mengine. Alinisikiliza huku macho ameyafumba kama alivyowasikiliza waendesha bodaboda. Hakutoa uamuzi. Wingu jeusi lilikuwa limejikusanya upande wa ziwa, na Mama akasema niondoke kabla njia haijaharibika. Nikaaga. Refa akashika mkongojo ainuke.

"Kaa, Mzee. Najua njia."

"Mgeni anasindikizwa na mwenye boma. Mimi ni nani hapa?"

Basi tukaenda. Ni mwendo wa dakika mbili kwa mtu mzima, na tuliutumia muda mrefu, yeye akisimama, akihema, mimi nikijifanya natazama migomba. Matone yakaanza. Langoni akashika nguzo kwa mikono miwili na nikaona jasho limemtoka kwenye paji la uso.

"Haraka," aliniambia. "Pale Ahero itajaa maji saa hii. Usikwame."

Aliitaja Ahero na maji kwa sauti ya kawaida kabisa, ya mtu anayemwelekeza mgeni njia. Nikashuka mteremko. Mvua ikafunguka, na nilipogeuka kutazama alikuwa bado ameishika ile nguzo, anangoja goti limruhusu kugeuka. Nikafikiri nirudi. Ndipo nikamwona mwanawe akitoka kwenye boma la juu na mwavuli, anashuka kumchukua baba yake, wala hakimbii, kwa sababu nyumba yake ni hapo tu.